Kuishi na Fifti: Mwongozo wa Lenzi ya 50mm f/1.8 kwa Mpiga Picha wa Sherehe

Wapiga picha wengi wa sherehe hapa Dar es Salaam tulipita njia moja. Unaanza na kamera na lenzi yake ya 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi. Unaitwa kupiga kipaimara cha mtoto wa jirani, usiku unaingia, picha za ukumbini zinatoka zimejaa chenga na watu wameyumba. Ukilalamika kwa mwenzako, anakujibu kwa neno moja: tafuta fifti.

Fifti ni lenzi ya 50mm yenye f/1.8. Hiyo f ni kipimo cha tundu la kupitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kampuni kadhaa wanayo ya kwao. Mimi nitazungumzia ya Canon kwa sababu ndiyo niliyokaa nayo, nikapiga nayo send-off, harusi, mahafali na picha za pasipoti. Ni ndogo, nyepesi kuliko simu nyingi, na bei yake ni ya chini kabisa ukilinganisha na lenzi nyingine zinazoingiza mwanga kiasi hicho. Pia ni lenzi inayouzwa sana ikiwa na mwezi mmoja tu mkononi mwa mtu. Aliyeinunua hakuelezwa tabia zake, akaenda nayo kwenye kazi ya kulipwa, akarudi na nusu ya picha hazina fokasi, akaamua kwamba ni mbovu. Naandika kwa ajili ya huyo, kabla hajaitangaza kwenye grupu.

Hatua ya 1: Ijue iliyo mkononi mwako

Fifti za Canon zenye f/1.8 ziko za aina kadhaa, na ushauri wa moja unaweza kuharibu nyingine. Utakayokutana nayo sana kwenye maduka ya vitu vilivyotumika ni ile ya II, iliyotoka mwaka 1990. Ina gramu 130, sehemu inayoingia kwenye bodi ni ya plastiki, na pete ya kufokasi ni nyembamba, iko mbele kabisa. Filta yake ni ya milimita 52. Ya pili ni STM ya mwaka 2015: gramu 160 hivi, shingo ya chuma, filta ya milimita 49. Ya tatu ni ya RF, iliyotoka mwaka 2020 kwa ajili ya kamera za Canon zisizo na kioo cha ndani, na filta yake ni ya milimita 43. Usinunue filta wala kifuniko kabla ya kuisoma namba hiyo kwenye mdomo wa lenzi.

Kuna njia nyingine ya kuitambua, hata kwa kuangalia picha tu. Ya II ina vibapa vitano vya kufunga tundu, kwa hiyo ukipiga kwenye f/2.8 au f/4, taa za nyuma zilizo nje ya fokasi zinatoka na pembe tano. STM ina vibapa saba, na taa zake zinakaribia duara. Mteja hatakuuliza habari hizo, lakini akiwa amekuonyesha picha aliyoipenda na anataka yake iwe vilevile, utajua mapema kama unaweza.

Na bei yake ndogo inatoka wapi? Watu wengi wanadhani ni vioo vya hovyo. Sivyo. Ndani ya II na STM mna vioo sita vilivyopangwa katika makundi matano, kwa mpangilio ambao asili yake ni lenzi ya Planar aliyoibuni Paul Rudolph pale Zeiss, Ujerumani, mwaka 1896. Ni mpangilio uliofanyiwa kazi kwa zaidi ya karne nzima. Tena kwenye kamera za Canon za EF, zile zenye kioo cha ndani, kutoka shingo ya lenzi hadi kwenye sensa, yaani kile kipande kinachopokea picha, ni milimita 44, na lenzi ya 50mm inakaa katika nafasi hiyo bila kuhitaji vioo vya ziada vya kuusukuma mwanga nyuma, kama zinavyohitaji lenzi pana. Kwa hiyo vioo vichache vinatosha. Palipobanwa matumizi ni kwenye mwili: plastiki, mota ndogo, hakuna dirisha la umbali, hakuna kizuizi cha mtikisiko. Ukilijua hilo, utaacha kuilaumu mahali isipostahili na utaiangalia pale inapohitaji kuangaliwa.

Hatua ya 2: Kama bado hujanunua, ikague kwa tochi

Nenda na kamera yako mwenyewe, kadi yenye nafasi, na simu yenye tochi. Fungua vifuniko vyote viwili, mulika kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele, halafu geuza. Vumbi dogo ndani ni la kawaida, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni nyuzi, kitu kama utando wa buibui au mizizi myembamba inayoanzia ukingoni mwa kioo. Hiyo ni fangasi. Iache, hata ukipunguziwa bei, maana ukiiweka begi moja na lenzi nyingine kwa miezi katika joto la huku kwetu, unajitafutia tatizo la pili.

Kisha ifunge kwenye kamera. Fokasi kitu cha karibu, halafu cha mbali, mara kumi hivi. Ya II ina kelele hata ikiwa nzima, sauti kama ya mdudu kwenye chupa. Isikutishe. Kinachotisha ni mota inayokwama katikati, au inayolia bila pua ya lenzi, lile bomba la mbele, kusogea. Shika ile pua kwa vidole viwili, kwa upole sana. Kucheza kidogo ni kawaida. Kuning'inia si kawaida.

La mwisho, tafuta ukuta wa matofali, au gazeti lililobandikwa ukutani. Simama ukiutazama wima, piga kwenye f/1.8, halafu f/4. Kuza picha, tazama kona zote nne. Kwenye f/1.8 kona zitakuwa laini na zenye giza kidogo; sawa, mradi zifanane. Kona moja ikiwa laini na tatu ziko safi, kioo ndani kimekaa upande. Lenzi hiyo huenda iliwahi kuanguka.

Hatua ya 3: Pima nafasi kabla ya siku ya kazi

Hii ndiyo tabia ya kwanza itakayokuumiza, na mota haihusiki kabisa. Kamera nyingi tunazoanza nazo zina sensa ndogo, na juu yake fifti inaona kama lenzi ya 80mm. Inabana. Ukiwa umezoea 18-55, utajikuta unarudi nyuma, unarudi nyuma, mpaka mgongo unagusa ukuta.

Nilipigishwa familia ya bwana harusi sebuleni Magomeni, watu kumi na mmoja, na nilikuwa nimeiacha 18-55 nyumbani kwa kujiamini. Shangazi mtu akasubiri, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, sisi wa pembeni tumo kweli?" Hawakuwamo. Tuliishia kuwatoa wote nje barabarani, wazee na vitenge vyao, juani, kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo napiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa kamera ya Canon yenye sensa ndogo, upana unaoingia kwenye picha ni kama asilimia 45 ya umbali uliosimama. Kwa sensa kubwa ni asilimia 72. Mtu mmoja mzima, kichwa hadi viatu na nafasi kidogo juu, anataka kama mita 2 za picha. Ukiigeuza kamera wima, utasimama mita 4.5 kutoka kwake kwa sensa ndogo, au chini kidogo ya mita 3 kwa sensa kubwa. Watu kumi wakijipanga mstari mmoja wanachukua kama mita 5. Hapo unahitaji mita 11 kwa sensa ndogo, mita 7 kwa kubwa. Sebule ngapi za Magomeni zina mita 11?

Kwa hiyo fanya hivi: wiki ya kwanza, usiipige kazi yoyote. Mweke mdogo wako au kiti uani, simama hatua tatu, tano, saba, kumi, na uone kinachoingia. Baada ya siku chache miguu yenyewe itajua. Ukifika ukumbini, kabla wageni hawajaingia, tembea kutoka jukwaa la maharusi hadi meza ya kwanza ukihesabu hatua. Na picha za familia kubwa ziachie 18-55. Hiyo ndiyo kazi yake.

Upande wa karibu nako kuna mpaka. Ya II haifokasi chini ya sentimita 45, STM inakwenda hadi 35, ya RF hadi 30. Picha za pete na hina viganjani zinawezekana kwa STM, ila usitegemee pete ijaze picha. Piga viganja vizima na hina yake, ni picha nzuri zaidi hata hivyo.

Hatua ya 4: Jifunze kuifokasi, kwa subira

Hapa ndipo wengi wanapoachana nayo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukifungua hadi f/1.8, eneo lililo ndani ya fokasi ni jembamba kuliko unavyofikiri. Kwa kamera yenye sensa ndogo, mtu akiwa mita 1.5 kutoka kwako, una kama sentimita 6 tu za kina, mbele na nyuma zikijumlishwa. Akiwa mita 1, ni chini ya sentimita 3. Kutoka ncha ya pua hadi kwenye jicho ni zaidi ya hapo. Ndiyo maana unarudi nyumbani na picha ambayo pua imetoka safi na macho yamelala. Lenzi haikukosea, ilifokasi mahali ilipoambiwa.

Nani aliiambia? Kamera, kama umeiachia ichague yenyewe vituo vya fokasi. Inapenda kitu kilicho karibu zaidi: pua, shada la maua, kipaza sauti cha MC. Ingia kwenye mpangilio, chagua kituo kimoja, uwe unakisogeza mwenyewe. Kiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Kama kamera yako inatambua macho yenyewe, kama zilivyo nyingi za RF, umepunguziwa kazi kubwa.

Kuna mazoea mengine ya kuacha. Tulifundishwa kufokasi kwa kituo cha katikati, kushikilia kitufe nusu, halafu kusogeza kamera ili kupanga picha. Kwa 18-55 hakuna shida. Kwa fifti kwenye f/1.8, huko kusogeza tu kunatosha kukutoa kwenye zile sentimita 3. Na wewe mwenyewe ukiyumba mbele kidogo wakati wa kubonyeza, imekwenda. Simama mguu mmoja mbele, viwiko vigusane na mbavu, na upige tatu mfululizo badala ya moja.

Gizani, mota inaanza kutafuta: inakwenda mbele, inarudi, inakwenda tena, na keki imeshakatwa. Fokasi ya kamera inahitaji mahali ambapo giza na mwanga vinakutana. Shavu laini haliipi kamera kitu cha kushika. Ipe ukingo wa kilemba, kola ya shati dhidi ya koti, ushanga wa shingoni, mstari wa nyusi. Ukimpata mtu aliyesimama umbali uleule na unayetaka kumpiga, fokasi kwake na usiguse tena. Mimi kwenye kuingia kwa maharusi huwa nachagua alama kwenye zulia, nafokasi hapo kabla, nahamisha swichi kwenda MF (fokasi ya mkono), nasubiri wafike.

Hilo la swichi lina masharti yake. Kwa ya II, usizungushe pete ya mbele ikiwa swichi iko AF (fokasi ya mota), wala usiishike wakati mota inafanya kazi. Gia zake ni ndogo na zinalika. Hamisha kwanza kwenda MF. Kwa STM mambo ni tofauti: pete haijaungwa na vioo moja kwa moja, inatuma ishara kwa umeme. Kamera ikiwa imezimwa au imelala, utaizungusha hadi kesho na hakuna kitakachosogea. Amsha kamera kwa kubonyeza kitufe nusu, ndipo uzungushe. Ya RF ina pete moja yenye kazi mbili, na swichi yake ni ya kuchagua kazi ya pete. Ukiona unafokasi kwa mkono na badala yake mwanga unabadilika, angalia swichi hiyo kwanza.

Na kama umefanya yote, umeweka kituo kwenye jicho, kamera iko juu ya tripodi, na bado kila picha inafokasi nyuma ya mtu? Piga kitu kilekile mara mbili: mara moja ukitazama kwenye tundu la jicho, mara ya pili ukitumia kioo cha nyuma cha kamera, yaani skrini. Ikiwa ya kioo cha nyuma ni safi na nyingine si safi, basi kamera na lenzi havijaelewana. Baadhi ya kamera za Canon zina mpangilio wa kurekebisha hilo ndani ya menyu. Ndogo nyingi hazina. Kwa hizo ndogo, picha za maharusi zilizopangwa ufukweni au bustanini zipige kwa kioo cha nyuma. Ni polepole, lakini zile ndizo zitakazoning'inizwa ukutani.

Hatua ya 5: Ipe kila f kazi yake

Sababu ya kuinunua ilikuwa mwanga, basi tujue ni mwanga kiasi gani. Ile 18-55 ukiivuta karibu na 50mm, tundu lake linafunguka hadi f/5.6 tu. Kutoka hapo hadi f/1.8 ni karibu mara kumi ya mwanga. Ukumbi uliokulazimisha kwenda ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga; ikipanda, chenga zinaongezeka), unaweza kuupiga kwa ISO 640 na shata ileile, yaani muda uleule wa kupokea mwanga. Chenga zinapotea, rangi ya ngozi inarudi, kitambaa cha gauni kinaonekana uzi wake. Hakuna programu ya kompyuta itakayokupa hivyo.

Ila f/1.8 ni ya dharura, nayo ina gharama. Picha nzima inalainika kidogo, kona zinaingia giza, na linatokea jambo moja ambalo kwenye harusi zetu linaonekana vibaya kuliko mahali pengine: rangi za kingo. Pale cheupe sana kinapokutana na cheusi sana, kama shela juu ya koti la bwana harusi, au kanzu mbele ya mlango wenye giza, unaona mstari mwembamba wa zambarau. Kilicho mbele ya fokasi kinaelekea zambarau, kilicho nyuma kinaelekea kijani. Chanzo ni kwamba rangi za mwanga hazikutani sehemu moja baada ya kupita kwenye vioo, na vioo sita vya kawaida haviwezi kuzikusanya zote. Ukifunga hadi f/2.8 zinapungua sana. Zilizobaki, Lightroom, programu ya kuhariri picha, ina kitelezi cha kuziondoa. Kivute kidogo kidogo, maana ukizidisha kinakula hata zambarau halali ya kitenge cha mama.

Utaratibu wangu ni huu. Mtu mmoja, picha ya sura, kuna mwanga wa kutosha: f/2.8. Wawili waliokaribiana: f/4, na nawaomba wasimame mstari mmoja, mabega sawa. Kikundi cha safu mbili: f/5.6, na hapo ndipo lenzi hii ilipo kali kabisa, inashindana na za bei kubwa bila aibu. F/1.8 hadi f/2 naiachia dansi ya kwanza taa zikiwa zimezimwa, au mtu mmoja mita 4 kutoka kwangu, ambako kina kimeshakuwa nusu mita na kosa dogo halionekani.

Shata isishuke chini ya 1/100 kwa mtu aliyetulia na 1/200 kwa anayetembea. Lenzi haina kizuizi cha mtikisiko, na sensa ndogo inaukuza. Ila ukumbini ukiona mistari ya giza imekatiza picha, usiishuku lenzi. Ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Rudi kwenye 1/100 na mara nyingi mistari inaondoka. Taa za jukwaani za diski joki zina mapigo yake, hizo ni za kujaribu.

Hatua ya 6: Nunua hudi

Hudi ni kipande cha plastiki cha bei ndogo kinachofungwa mbele ya lenzi, na mara nyingi hakiji na lenzi. Ya STM inaitwa ES-68. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia mwanga wa pembeni. Jua la saa kumi na moja jioni pale Coco Beach, au taa kubwa ya mpiga video iliyosimamishwa kando yako, ikipiga kioo cha mbele inaleta ukungu mweupe juu ya picha nzima na wakati mwingine tone la kijani shavuni mwa mtu. Ya II ndiyo inayoteseka zaidi. Bila hudi, tumia kiganja cha kushoto kama unavyokinga macho, ila angalia vidole visiingie kwenye picha.

Kazi yake ya pili ni kulinda pua.

Hatua ya 7: Irudishe pua ndani kabla ya kuzima

Fifti hizi zinafokasi kwa kusukuma vioo mbele. Ukifokasi kitu cha karibu, bomba la ndani linatoka nje. Kwa STM, ukizima kamera likiwa nje, linaweza kubaki nje, na kwa sababu pete ni ya umeme, huwezi kulirudisha kwa mkono. Watu wanalisukuma. Usilisukume. Ukiitia begini hivyo na chaja na betri vikakandamiza mbele, mzigo wote unakwenda kwenye gia ndogo za plastiki, na lenzi nyingi za aina hii zinakufa namna hiyo.

Ifanye iwe desturi: kabla ya kuzima, elekeza kamera kwenye kitu cha mbali, bonyeza nusu, pua iingie, ndipo uzime. Baadhi ya kamera za Canon zina mpangilio wa kuirudisha zenyewe kila unapozima. Utafute kwenye menyu na uuwashe. Kifuniko cha mbele kibane pande zote kwa pamoja, usikigandamize kwa kidole gumba katikati.

Kwenye video, sauti ya mota inaingia kwenye kipaza sauti cha kamera. Ya II huwezi kuivumilia kabisa, STM ni ya chini, lakini ndani ya kanisa lililotulia wakati wa kiapo utaisikia. Rekodi sauti kwa kifaa kingine, au fokasi mara moja na uhamie MF.

Hatua ya 8: Joto, chumvi na fangasi

Anayeishi Arusha ataipita haraka sehemu hii. Sisi wa Pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, hatuna ruhusa hiyo. Fangasi inataka giza, unyevu na hewa iliyosimama, na begi la kamera lililofungwa chumbani kwa mwezi mzima linampa vyote vitatu. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira unaobana, kile cha kuhifadhia chakula, kikavu kabisa. Weka ndani vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu na mabegi. Omba kwa wenye maduka, wengi wanavitupa. Vikishashiba unyevu havifanyi kazi tena, kwa hiyo vibadilishe. Mchele usiweke, una vumbi lake. Na kila wiki itoe lenzi, itumie. Lenzi inayofanya kazi haishikwi upesi.

Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali kwenda nje kwenye joto, vioo vinatoka jasho. Usifute papo hapo na usibadilishe lenzi. Iache ndani ya begi lililofungwa kama dakika ishirini ipate joto taratibu, wewe ukipiga na simu kama kuna ulazima.

Baada ya kazi ya ufukweni, futa mwili wa lenzi kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo na kukamuliwa sana, halafu kikavu. Kioo kina utaratibu wake: kwanza pampu ya mpira ipulize mchanga, kisha brashi laini, mwisho kitambaa maalumu. Ncha ya khanga au shati lina chembe zitakazochora mistari. Ya II haina kizuizi chochote cha vumbi kwenye shingo, wala STM, kwa hiyo kwenye upepo wa mchanga usibadilishe lenzi. Chagua moja asubuhi na ukae nayo.

Hatua ya 9: Siku itakapoanguka

Itaanguka. Ya kwangu ilianguka kutoka kwenye meza ya chakula, sakafu ya vigae, kwa kuwa niliiacha ukingoni watoto wakiwa wanakimbia.

Usiijaribu kwa kuwasha mara moja. Tazama kwanza kama pua imekaa wima, kama shingo haina ufa, kama kuna kitu kinagongana ndani ukiitikisa taratibu. Ya II ikipigwa sana inaweza kuachana vipande viwili; mafundi hodari wanairudisha, ila uliza gharama kabla hawajaifungua, maana ikikaribia bei ya nyingine iliyotumika hakuna haja. Ikiwa nzima, iweke MF, ifunge kwenye kamera, tazama kama vibapa vinafunga kwa kupiga f/1.8 na f/11 na kulinganisha mwanga. Kisha AF. Kisha rudi kwenye ule ukuta wa matofali wa hatua ya pili.

Ya kwangu ilitoka na kona moja laini, ya chini kulia. Picha za vikundi sipigi nayo tena. Za sura, ambazo ile kona ni pazia tu lililofifia, naendelea kupiga nayo mpaka leo.